Mierezi Iliyohama Mtaa

Jirani yetu Huguette Maltais anasema aliiona mierezi ikitembea. Hasemi iliyumba kwa upepo, wala hasemi ilionekana kama inatembea. Anasema ilitembea. Kumi na miwili, wima, imejipanga kama watoto wa komunyo ya kwanza, inashuka Bulevadi alfajiri kuelekea kanisani, na mmoja wao ulikuwa na vichwa viwili. Yeye alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda chake cha chipsi na beseni la viazi mkononi. Hakuwa amegusa hata tone la pombe, na hilo yuko tayari kuliapia mbele ya padri. Alipomaliza kufikicha macho, mierezi ilikuwa imeshakata kona.

"Ilikuwa inakwenda wapi, Huguette?" wateja walimuuliza.

"Nitajuaje? Sikuisimamisha."

"Labda ilikuwa inawahi misa."

"Nyie chekeni tu. Siku zenu zinakuja."

Mji mzima wa Chicoutimi ulicheka. Watu waliokuwa hawanunui chipsi kwake walianza kununua ili tu wamuulize kama leo miti imelala salama. Wengine walimshauri apunguze dawa ya kikohozi. Na mimi ninayewasimulia sitaki kumpa Huguette haki yote, kwa sababu kuna jambo moja alilikosea. Mierezi haikuwa inatembea. Ilikuwa imepanda gari. Ilisimama juu ya trela ndefu ya chini inayovutwa na pikapu, na asubuhi ile ukungu wa mto Saguenay ulikuwa mzito, ukafunika magurudumu na kumficha dereva. Mengine yote aliyaona vizuri kabisa, hata vile vichwa viwili.

Sasa tumwendee mwenye akili ya trela.

Gervais Simard alikuwa mtu wa miaka hamsini kasoro, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri na ulimi ambao ungemuuzia samaki maji. Kiangazi kilichopita aliwauzia watalii tiketi za kwenda kutazama nyangumi kwenye bwawa la kinu cha mbao. Walipolalamika kwamba hawajaona nyangumi, aliwaeleza kwa huzuni kwamba nyangumi nao wana likizo yao. Lakini msimdharau. Gervais alikuwa na ndoto safi. Tangu utoto alikuwa amezoa theluji kwa koleo kila majira ya baridi, mbele ya maduka ya watu wengine, hadi mgongo wake ukawa unatabiri hali ya hewa kuliko redio. Aliapa kwamba mwaka huu theluji ya kwanza ikianguka Chicoutimi, imkute yeye Florida, amevaa kaptura. Wazee wa parokia walikuwa na msafara wao wa kwenda huko kila mwaka. Ungeondoka Jumamosi ya kwanza ya Novemba, saa sita mchana, kutoka uwanja wa kanisa. Gervais alichokosa ni nauli na kodi ya miezi mitano.

Siku fursa ilipojitokeza alikuwa amekaa kwa Huguette, anakula chipsi zilizomwagiwa rojo na jibini mbichi ile inayolia menoni. Mbele yake alikaa Marielle, mtoto wa shangazi yake, mwenye pikapu na trela, mwanamke wa maneno machache na hamu kubwa ya chakula. Ng'ambo ya barabara, Madam Dallaire wa Moteli Panorama alikuwa anaanika magunia kwenye kamba. Watu wa Bulevadi wote hufunga miti yao kwa magunia kabla ya baridi, la sivyo upepo na chumvi ya barabarani huichoma ikawa rangi ya kutu.

Gervais aliacha kutafuna.

"Binamu, unaona nini pale?"

"Magunia," Marielle akajibu.

"Ndani ya gunia huwa kuna nini?"

"Sasa hivi hamna kitu."

"Na Desemba?"

"Mwerezi."

"Umewahi kuuona?"

Marielle akafikiri kidogo, akachukua chipsi ya Gervais. "Nitauonaje na umefungwa?"

"Basi!" Gervais akapiga meza mpaka rojo likaruka. "Kuanzia Novemba hadi Aprili, katika mji huu mzima, mwerezi ni gunia. Hakuna anayefungua. Ukifungua kabla ya majira, unaua mti. Miezi mitano, binamu! Benki gani inakuamini miezi mitano bila kuchungulia?"

"Na Aprili?"

"Aprili niandikie barua. Nitakuwa ufukweni."

Hapa ndipo ulipozaliwa mpango ambao, kwa uzuri wake, ungefaa kufundishwa shuleni kama shule zingekuwa zinafundisha mambo ya maana.

Moteli Panorama inaitwa hivyo kwa sababu ukifungua dirisha unaona panorama ya magari yaliyotumika ya Rosaire Claveau. Mwenye moteli, Madam Dallaire, ni mwanamke wa kwaya na wa kubana. Taulo zake ukijifutia mbele, nyuma unasubiri upepo. Lakini mbele ya moteli alikuwa na mierezi kumi na miwili iliyochongeka kama mishumaa, na kila mwenye duka wa Bulevadi aliionea kijicho.

Gervais alimkuta anapiga pasi magunia.

"Mama, mwaka jana nani alikufungia?"

"Mimi mwenyewe. Kwani?"

"Inaonekana."

"Inaonekana vipi?"

"Sitaki kukuudhi, mama yangu." Akaushika mwerezi mmoja, akaufunua majani kama daktari anayefunua kope, akashusha pumzi ndefu. Akaenda kwa wa pili, akashusha nyingine. Alipofika kwenye ule wa tatu alivua kofia. "Huu una vichwa viwili."

"Lori la bia lilirudi nyuma likauvunja. Ukaota hivyo."

"Maskini. Huu ndio utakaotangulia."

Madam Dallaire akashika kifua. Gervais akataja bei ya kufunga yote. Madam akaachia kifua, akataja nusu yake. Gervais akalia kwamba ana mama mgonjwa. Madam akasema na yeye ana paa linalovuja. Mwishowe Gervais alikubali nusu huku anajipangusa jicho, na Madam Dallaire akaingia ndani akiimba, kwa sababu hakuna furaha inayoizidi ya kumnyonya fundi. Mtu anayeamini amekuibia hawezi kukagua mfuko wake mwenyewe.

Kesho yake Gervais alizungushia mierezi turubai la bluu.

"La nini hilo?" Madam akauliza, ameshabeba kitabu cha nyimbo kwenda mazoezini.

"Mierezi haipendi kutazamwa ikivishwa. Ni kama bibi harusi."

Madam Dallaire, aliyeolewa mara mbili, alielewa. Akaenda kanisani. Nyuma ya turubai, Gervais na Marielle waling'oa mierezi kumi na miwili pamoja na mizizi na udongo wake, wakaisimamisha kwenye trela. Kwenye kila shimo wakasimamisha fremu ya fito iliyojazwa majani makavu ya ng'ombe, wakaivika gunia, wakashona, wakafunga kamba juu kwa fundo la kupendeza. Madam aliporudi aliikuta imesimama imenyooka, laini, kama mapadri kumi na wawili wanaosubiri askofu. Aliizunguka mara mbili.

"Sijawahi kuiona imekaa vizuri hivi," alisema.

"Imepumzika, mama. Usiiguse mpaka Aprili."

Neno "kuuziwa mbuzi kwenye gunia" mnalijua. Gervais alikwenda mbele zaidi. Alimuuzia mtu gunia, akaondoka na mbuzi, kisha akatafuta mtu wa kumuuzia mbuzi.

Huyo alikuwa jirani wa ng'ambo, Rosaire Claveau wa magari yaliyotumika. Gervais aliingia ofisini kwake, akafunga mlango, akateremsha pazia, akasema kwa sauti ya ungamo:

"Kuna hoteli imefilisika huko Québec mjini. Ilikuwa na mierezi. Sasa haina."

Macho ya Rosaire yakang'aa. "Ni ya wizi?"

"Bwana Claveau! Mimi nimesema hivyo?"

"Hujasema."

"Na wewe umesikia hivyo?"

"Sijasikia." Rosaire alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. "Mingapi? Dallaire anayo mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Mimi nataka kumi na mitatu."

"Kumi na tatu ndio walikaa mezani siku ile, bwana Claveau, na wewe unajua yaliyofuata."

Rosaire alifanya ishara ya msalaba, akaridhika na kumi na miwili. Ilipopandwa aliikagua mmoja mmoja kama mtu anayekagua matairi, ingawa kwa matairi ya wateja wake hakuwahi kujisumbua kiasi hicho.

"Tabernakulo!" akaapa, kwa tusi letu la kikanisa. "Huu una vichwa viwili."

"Ndiyo maana nimekupunguzia."

"Hujanipunguzia."

"Sasa nakupunguzia."

Mierezi ilikaa kwa Rosaire siku chache, ule wa vichwa viwili ukiwa umefichwa nyuma ya ofisi, ikatazamwa, ikasifiwa, ikawaumiza majirani roho. Kisha usiku mmoja maji ya ndoo yakaganda, na asubuhi Gervais akaja na turubai lake la bluu, amejaa wasiwasi. Baridi mwaka huu ina hasira, bwana Claveau, tuivishe haraka. Rosaire akalipa na hiyo. Gervais akavisha. Mnajua alivisha nini.

Aliyefuata alikuwa Adjutor Villeneuve, mwenye nyumba ya mazishi na mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara wa Bulevadi, mtu anayesema "habari za asubuhi" kwa namna inayokufanya utafute leso. Naye alitaka kumi na miwili, naye hakusikia kwamba ni ya wizi, naye alisikitishwa na ule wenye vichwa viwili. Aliupeleka mlango wa nyuma, wanakopita wateja wasiolalamika. Baada yake wakaja ndugu wawili Harvey wa duka la vitanda. Na ilikuwa katika safari ile, kutoka kwa wafu kwenda kwa waliolala, ambapo Huguette Maltais alisimama mlangoni na beseni la viazi.

Pesa zote zilikaa kwenye kopo la kahawa chini ya kiti cha dereva wa pikapu, kwa kuwa hapakuwa na benki iliyokuwa tayari kumwamini Gervais, na Gervais naye hakuwa na mfuko usiotoboka.

"Tunagawana vipi?" Marielle aliuliza siku moja, wameegesha nyuma ya kanisa.

"Binamu, wewe ni gurudumu, mimi ni usukani."

"Gari ni langu."

"Gari lako, akili yangu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo robo. Na nitakulipia chakula njiani."

Marielle hakujibu. Alikuwa mtu wa kunyamaza, na Gervais, kama wasemaji wengi, alidhani kunyamaza ni kukubali.

Habari ya miti inayotembea ilipoenea, Gervais alikwenda na Marielle kwa Huguette kupima kina cha maji. Kibanda kilijaa. Rosaire alikuwepo, Adjutor alikuwepo na glovu zake nyeusi, na wote walikuwa wanamcheka Huguette kwa zamu.

"Huyu hapa mtaalamu," Huguette alisema, akimnyooshea Gervais mwiko wa chipsi. "Hebu tuambie wewe. Mwerezi una miguu?"

"Una mizizi, mama."

"Na mizizi ni nini kama si miguu iliyochoka kusimama?"

Watu wakacheka mpaka kioo kikapata mvuke. Gervais akacheka kuliko wote.

"Mimi nimeuona mmoja una vichwa viwili," Huguette akaendelea, bila kucheka. "Nikasema moyoni, huyu nimeshamwona mahali."

Chipsi ikampalia Gervais. Rosaire aliacha kucheka ghafla, akaanza kutazama sana ndani ya kikombe chake. Adjutor akakohoa, akavaa glovu, akakumbuka kuna mtu anamsubiri ambaye kwa kweli alikuwa hana haraka. Kila mmoja aliamini ana mwerezi wa vichwa viwili ndani ya gunia lake, kila mmoja alidhani ni siri yake peke yake, na mtu mwenye mali isiyosemeka hawezi kuuliza maswali kwenye kibanda cha chipsi.

Marielle tu ndiye aliyemtazama Huguette. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyekutana na ndugu stesheni. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Gervais amjue: alilipia chipsi zake mwenyewe.

Kufikia hapo Gervais angeweza kuondoka zake. Kazi ilikuwa imekwisha. Ilibaki kusubiri Jumamosi na kuiomba mbingu izuie theluji, kwa sababu fremu ya fito na majani makavu inasimama vizuri kwa upepo, lakini theluji mbichi ikikalia juu yake inalala kama mlevi. Hilo alilijua vizuri. Alikuwa anaamka alfajiri kunusa hewa.

Lakini likatokea ambalo hakulipanga. Magunia yake yalikuwa mazuri mno. Mti wa kweli ukiufunga una nundu, una tawi linalochomoza, unapinda upande kama mzee mwenye jino bovu. Ya Gervais yalinyooka, yalilingana, yaling'aa kwa usafi, kwa sababu ndani hamkuwa na kitu cha kubishana nayo. Watu waliokuwa wanapita Bulevadi walipunguza mwendo. Mke wa daktari wa meno alisimama akapiga picha. Simu zikaanza: bwana Simard, njoo uifunge na mierezi yangu, hii haikai kama ya wenzangu. Hawakujua kwamba tofauti ni hiyo tu: yao ilikuwa ya kweli.

Kisha Adjutor Villeneuve akatangaza kwamba chama, kwa mara ya kwanza, kitatoa tuzo ya sehemu iliyoandaliwa vizuri zaidi kwa majira ya baridi. Na kwa kuwa miti ya maduka manne yaliyoongoza yote ilifungwa na mkono mmoja, tuzo itakwenda kwa mkono huo. Kibao cha shaba chenye jina, bahasha, na hotuba. Jumamosi, saa tano asubuhi, mbele ya Moteli Panorama.

"Tusiende," Marielle alisema.

"Binamu, maisha yangu yote sijawahi kupewa kibao."

"Umepewa kofi, si ndiyo?"

"Kibao cha shaba! Na bahasha. Nani anaacha bahasha?"

"Msafara unaondoka saa sita."

"Sherehe ni saa tano. Nachukua, napeana mikono, nakuja."

"Theluji je?"

"Redio imesema Jumatatu."

"Mgongo wako unasemaje?"

Mgongo wa Gervais ulikuwa unamuuma tangu Alhamisi. "Mgongo wangu una wivu," alisema. "Hebu niambie, ile mierezi ya kina Harvey tumeshaitoa, iko kwenye trela. Itupe porini, ituondokee."

"Najua pa kuiweka," Marielle akasema.

Jumamosi asubuhi Gervais alivaa suti ya kuazima, akajipaka mafuta masharubu. Marielle alimteremsha mbele ya moteli, akaegesha ng'ambo, karibu na kibanda cha Huguette, injini inanguruma. Mbele ya kibanda lilikuwa limetundikwa turubai la bluu. Watu walidhani Huguette anapaka rangi. Gervais alilitazama lile turubai, akaona kama analifahamu, lakini muda huohuo mtu alimpa mkono, mwingine akampa kahawa, na fahari ikamwingia machoni.

Madam Dallaire alikuwepo amevaa kofia ya Pasaka. Rosaire alikuwepo, na ndugu Harvey wawili, na nusu ya kwaya. Shingoni mwa gunia la kwanza la moteli walikuwa wamefunga utepe mwekundu, ili mshindi aukate mwenyewe. Wakampa mkasi.

Baada ya salamu ndefu na kahawa nyingi, Adjutor akapanda kwenye kreti ya bia, akafungua hotuba.

"Tumekutana hapa leo," alianza, na wanawake wawili kwa mazoea wakatoa leso.

Akasema juu ya kazi ya mikono. Akasema juu ya uaminifu, ambao leo ni adimu. Akasema kwamba anayeuvisha mti kwa ajili ya baridi hana tofauti na anayemvisha binadamu kwa safari ndefu, na hapo akapoteza njia kidogo, akaanza kumsifu Gervais kwa namna ambayo kila mtu aligeuka kuhakikisha bado anapumua.

Alikuwa anapumua, lakini kwa shida. Kitu cheupe kilikuwa kimetua kwenye mkono wa suti. Kikayeyuka. Kikatua kingine, kipana kama sarafu, chenye maji. Gervais akainua macho, akaona mbingu imefunguka yote kwa mpigo mmoja, kimya, bila upepo, theluji ile nzito ya mwanzo ambayo watoto huipenda kwa sababu inashikana.

"Oo!" watu wakasema kwa furaha. "Ya kwanza!"

"Inavyopendeza kwenye magunia," Madam Dallaire akasema.

Ilipendeza kweli. Ilijipanga juu ya vichwa vya magunia kama kofia. Kofia zikawa vilemba. Gervais alikuwa anatazama gunia la nne kutoka kushoto, na gunia la nne kutoka kushoto likaanza, taratibu sana, kuinama, kama muumini anayesikia hotuba ndefu.

"Bwana mwenyekiti," akanong'ona, "tufupishe. Nina msafara."

"Unyenyekevu wake!" Adjutor akapaza sauti. "Mnamwona? Anataka kuondoka kabla ya kusifiwa!" Makofi yakapigwa. Akafungua ukurasa wa pili.

Ng'ambo ya barabara Huguette Maltais alitoka kibandani na aproni yake. Alimpelekea Marielle dirishani furushi kubwa la chipsi lililofungwa kwa karatasi na chupa ya kahawa ya moto. Wakaongea kidogo. Marielle akatabasamu, na Gervais, aliyemjua tangu utoto, alishangaa kuona ana meno mazuri. Kisha pikapu ikawasha taa ya kukata kona, kwa adabu zote za barabarani, ikaingia Bulevadi. Ilipopita mbele ya sherehe ilipiga honi mara mbili. Trela ilikuwa tupu. Chini ya kiti cha dereva kopo la kahawa halikuwa tupu.

"Binamu yako anakushangilia," Rosaire akamwambia, akimpiga begani.

Gervais aliinua mkasi kama mtu anayesimamisha basi. Pikapu ikakata kona kuelekea kanisani, uwanja wa msafara, na barabara ya kusini.

Hapo ndipo Huguette alipovuta kamba, na turubai la bluu likaanguka.

Mbele ya kibanda cha chipsi ilikuwa imesimama mierezi kumi na miwili. Mibichi, ya kijani, haijafungwa, kila tawi limebeba theluji yake bila shida. Ule wa tatu ulikuwa na vichwa viwili.

Hotuba ilikatika katikati ya neno "uaminifu".

"Ule," Madam Dallaire akasema, "ule ni kama wangu. Ule wa lori la bia."

"Hapana, ule ni wa—" Rosaire akasema, akakumbuka hoteli ya Québec mjini, akafunga mdomo kwa nguvu mpaka meno yakalia.

Ndugu Harvey mkubwa alimtazama mdogo. Adjutor alikuwa amegeukia upande wa nyumba ya mazishi, mlango wa nyuma, na alikuwa anahesabu kitu kwa midomo bila sauti. Wanaume wanne wenye biashara zao walisimama kwenye theluji, kila mmoja na swali kooni, na kila swali likianza na "mimi nilinunua", ambalo hakuna aliyethubutu kulitoa. Gunia la nne lilikuwa limeinama sasa mpaka kiunoni. La tano likaanza.

Huguette akavuka barabara polepole, anajifuta mikono kwenye aproni. Watu walimpisha.

"Umeitoa wapi hiyo mierezi, Huguette?" Madam Dallaire akauliza.

"Nimenunua jana kwa mtu aliyekuwa na njaa ya safari. Sikumuuliza imetoka wapi. Nyie mngeuliza?"

Rosaire akajikung'uta theluji begani.

"Mbona hukuifunga?" akauliza mmoja wa kwaya. "Itaungua na baridi."

"Nitaifunga jioni, mwenyewe, hata ikikaa vibaya. Kwanza ipumue. Imetembea sana."

Mara hii hakucheka mtu. Theluji ilikuwa inashuka kwenye masharubu ya Gervais Simard, kwenye suti ya watu, kwenye mkasi aliokuwa ameushika mkononi na kuusahau. Kutoka upande wa kanisa ilisikika milio ya honi ya msafara wa wazee ukiagana na mji. Huguette alisimama mbele yake, karibu kabisa na utepe mwekundu, akakunja mikono kifuani.

"Bwana Gervais," akasema kwa upole, "mji huu wote umenicheka, na wewe ulicheka kuliko wote. Sina kinyongo. Mkasi unao, na watu wote tuko hapa. Nakuomba kitu kidogo tu. Nifungulie gunia moja. Lolote utakalopenda, chagua mwenyewe."